Karatasi Kwanza, Penseli Mwisho: Vifaa vya Kuchora Ua la Usambara

Mtu anayeamua kuchora mimea kwa umakini, akitumia rangi za maji pamoja na penseli za rangi, aghalabu huanza kununua kutoka mwisho. Macho hutua kwanza kwenye boksi la penseli 120 zilizopangwa kuanzia nyeupe hadi nyeusi, na nusu ya fedha huishia hapo. Kinachofuata ni kisanduku cha rangi za maji chenye vidonge 24 au 36. Chenji inayobaki ndiyo hununua karatasi, na mara nyingi huwa ni daftari la kuchorea la bei ya chini kabisa. Kwa maoni yangu mpangilio huo ni miguu juu, kichwa chini. Karatasi inapaswa kununuliwa kwanza, tena kwa fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote. Rangi za maji zifuate, chache, zikichaguliwa kwa msimbo wa pigmenti iliyo ndani ya tyubu wala si kwa jina tamu lililoandikwa nje. Penseli zije mwisho, na dazeni moja yatosha. Sababu zake huonekana vizuri zaidi mtu akiwa na mmea mmoja mbele yake kuliko akiwa na orodha ya bei mkononi.

Tuchukue mmea wa kwetu. Ua dogo la zambarau linalokaa kwenye vyungu vya madirishani kote Ulaya na Marekani asili yake ni miamba yenye kivuli ya Tanga na Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani huko Usambara, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaupa mmea jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliuhamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, ingawa wauza maua hawajashughulika na habari hiyo. Kwa mchoraji, mmea huu ni mtihani mgumu uliojificha ndani ya kitu kidogo. Una petali tano za zambarau inayoelekea bluu, mbili za juu ndogo na tatu za chini kubwa. Katikati vimesimama vifuko viwili vya chavua, vya manjano kali. Majani yake ni mazito, yamejaa vinyweleo, na upande wa chini mara nyingi huwa na wekundu wa zambarau. Petali inadai rangi angavu isiyopauka, chavua inadai manjano isiyochafuliwa na zambarau iliyo ubavuni mwake, na vinyweleo vinadai ncha kali juu ya karatasi isiyochoka upesi.

Kwa nini karatasi itangulie? Rangi ya maji haing'ai yenyewe. Mwanga hupenya rangi, hugonga weupe wa karatasi iliyo chini na kurudi machoni, na ndiyo maana mchoraji wa mimea hapaki rangi nzito mara moja bali hupaka mikono mingi myepesi, kila mmoja ukingojea uliotangulia ukauke. Petali moja ya ua hili inaweza kuhitaji mikono mitano au sita. Karatasi ya pamba tupu, yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, iliyotibiwa kwa jelatini na kubanwa kwa roli za moto hadi uso wake ukawa laini, huishikilia rangi karibu na juu na kustahimili brashi irudi mahali pale pale bila kuchanika nyuzi. Karatasi ya massa ya miti inayouzwa kwa wanafunzi hufanya mojawapo ya mambo mawili: huinyonya rangi papo hapo na kuacha mabaka, au huiacha ielee juu kiasi kwamba mkono wa tatu wa rangi unaung'oa wa pili. Mwanafunzi akiona hivyo hujilaumu kwamba hana kipaji, akaenda kununua rangi zaidi, ilhali mwenye kosa ni karatasi. Ulaini nao una kazi yake. Karatasi yenye mawimbi hupendeza kwenye picha za bahari na mawingu, lakini mstari wa kinyweleo ukipita juu ya vilima vyake hukatika vipande vipande.

Pingamizi la kwanza ni la bei, na ni la haki. Karatasi nzima ya pamba ni ghali, na katika miji mingi ya Afrika Mashariki humlazimu mtu aiagize. Lakini hesabu hubadilika mtu akishika rula. Karatasi nzima hupima sentimita 56 kwa 76; ikigawanywa sehemu nne kwa urefu na mbili kwa upana hutoa vipande vinane vya sentimita 19 kwa 28. Mchoro wa mimea huchorwa kwa ukubwa halisi, na kipande hicho kinalitosha shada la maua haya pamoja na majani mawili matatu. Karatasi mbili ni michoro 16, nayo ni kazi ya miezi kwa mtu anayechora kwa uangalifu. Tena karatasi nzuri huokoa fedha kwa njia ya pili: mchoro wa awali hufanywa kwa penseli ya H kwenye karatasi nyembamba ya kawaida, hufutwa na kusahihishwa huko huko, kisha mstari wa mwisho tu ndio unaohamishwa kwenye karatasi ya pamba ikiwa imebandikwa juu ya kioo cha dirisha mchana. Raba haigusi uso mzuri. Mahali raba ilipopita kwa nguvu nyuzi huinuka, na rangi ikifika hapo hukolea kuliko sehemu nyingine, doa lisilotoka tena.

Onyo moja kuhusu karatasi kabla hatujaiacha: usiape kwa jina la kiwanda. Katikati ya miaka ya 2010 karatasi laini ya Italia iliyokuwa kipenzi cha wachoraji wengi wa mimea ilibadilika, na watu waliokuwa wameizoea miaka nenda rudi wakajikuta wanahangaika kutafuta nyingine. Kinachoaminika ni jaribio la kipande kilicho mezani: mikono mitano ya rangi, mmoja juu ya mwingine, kisha penseli.

Sasa rangi, na hapa shahidi wangu ni Ferdinand Bauer, Mwaustria aliyezaliwa mwaka 1760 na ambaye wengi humhesabu miongoni mwa wachoraji bora wa mimea waliopata kuishi. Mwaka 1786 na 1787 alisafiri na John Sibthorp wa Oxford katika Ugiriki na nchi za mashariki ya Mediterania. Bauer hakukaa porini akipaka rangi. Alichora kwa penseli ya kawaida, na juu ya kila petali, kikonyo na jani akaandika namba iliyosimamia rangi fulani katika mfumo wake. Aliporudi Oxford ndipo alipoketi na rangi za maji kutengeneza picha 966 za kitabu cha Flora Graeca, kilichochapishwa kati ya 1806 na 1840. Aliposafiri tena na meli ya Investigator chini ya Matthew Flinders kwenda Australia mwaka 1801, mfumo wake ulikuwa umepanuka hadi namba zipatazo 1000, na alirejea Uingereza mwaka 1805 akiwa na michoro zaidi ya 2000 ya penseli iliyojaa tarakimu ndogo. Vifaa vyake vya uwandani vilikuwa karatasi nyembamba, penseli na jicho lililofunzwa.

Mwenye boksi la penseli 120 anaweza kuruka hapa na kusema: unaona, hata Bauer alihitaji rangi 1000! Alihitaji kuzitofautisha, ndiyo, hakuhitaji kuzibeba. Hapakuwa na duka zama hizo lililouza rangi za maji za aina 1000, na namba zake zilitaja kile ambacho jicho liliona, ambacho baadaye mkono ungekifikia kwa kuchanganya pigmenti chache juu ya sahani. Hilo ndilo fundisho la kazi yake kwa mnunuzi wa leo. Upana wa rangi kwenye mchoro hutoka kwenye uwiano wa mchanganyiko, na mchanganyiko hutabirika pale tu kila tyubu inapokuwa na pigmenti moja. Tyubu yenye pigmenti tatu ikichanganywa na nyingine yenye tatu huleta pigmenti sita kwenye petali moja, na matokeo yake karibu kila mara ni tope.

Kwa hiyo geuza tyubu usome maandishi madogo. Pigmenti hutajwa kwa msimbo wa kimataifa: herufi za kundi la rangi, kisha namba. Bluu ya ultramarini ni PB29. Waridi ya kinakridoni ni PV19, ambayo huja katika sura mbili, ya waridi na ya zambarau. Kwa kazi hii inatakiwa ya waridi. Zikichanganywa hizo mbili hutoa zambarau safi ya petali za Usambara kwa sababu hakuna kati yazo iliyobeba umanjano. Mtu akiweka nyekundu inayoelekea chungwa badala ya waridi, zambarau hugeuka kuwa kahawia ya kuchosha, na hakuna kiasi cha bluu kitakachoiokoa. Ongeza PB15 ambayo ni bluu baridi yenye nguvu sana, manjano safi ya PY154 kwa ajili ya chavua, manjano ya dhahabu ya PY150, na kahawia ya udongo ya PBr7. Jumla ni tyubu sita. Kijani cha majani hupatikana kwa bluu mbili na manjano mbili, kikatulizwa kwa chembe ya kahawia au waridi. Vijani vilivyo tayari kwenye tyubu, hasa kile kinachouzwa kwa jina la kijani cha utomvu, ni michanganyiko inayotofautiana kwa kila kiwanda; sioni sababu ya kuvilipia.

Zambarau inastahili maneno zaidi kwa sababu ndiko rangi nyingi zinakosaliti. Curtis's Botanical Magazine lilipochapisha picha ya mmea huu mwaka 1895, pigmenti za kinakridoni hazikuwapo. Ziliingia sokoni mwaka 1958. Mchoraji wa zama hizo aliyetaka waridi kali alikuwa na karmini inayotokana na wadudu, rangi ya mzizi wa madder, au alizarini ya viwandani, na zote hupauka juani kwa viwango tofauti. Sisi hatuna kisingizio hicho, lakini alizarini ya PR83 bado inauzwa, na waridi zenye mng'ao wa umeme bado zinapendwa kwa kuwa hakuna kitu kinachofanana nazo zikiwa mbichi. Mng'ao huo hutoka kwenye dawa ya rangi inayokufa mapema. Baada ya muda hubaki waridi ya kawaida na mchoro wenye uwiano uliovurugika. Vipimo vya ASTM vya Marekani huzipanga pigmenti za rangi za maji kwa madaraja kuanzia I hadi V, na I na II ndiyo yanayofaa kwa kazi ya kudumu. Zambarau ya PV23 matokeo yake hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, hivyo haifai kununuliwa bila jaribio. Jaribio lenyewe halina gharama: paka mstari wa kila rangi kwenye ukanda wa karatasi ile ile utakayochoria, andika msimbo na tarehe, funika nusu kwa karatasi ya alumini, bandika kwenye dirisha linalopigwa na jua. Jua la Tanga halihitaji miaka kutoa hukumu.

Baada ya hapo ndipo penseli, na sababu ya kuziweka mwisho ni ya kifizikia. Penseli za rangi zimefungwa kwa nta au mafuta, na nta na maji havipatani: penseli ikitangulia, rangi ya maji itakayokuja juu yake hukusanyika matone. Rangi ya maji ikitangulia, kila kitundu cha karatasi huwa kimeshajazwa rangi, na penseli hubakiwa na kazi inayoiweza kuliko brashi, yaani kukaza ukingo, kutia kivuli kwenye mkunjo na kuchora mshipa. Karatasi laini haina meno mengi ya kushika nta, huchoka baada ya matabaka machache. Rangi ya maji ikiwa chini, penseli huhitaji matabaka machache hayo hayo tu.

Vinyweleo vya jani huonyesha jambo hili kwa karibu. Paka kwanza jani zima mkono mmoja mwepesi wa kijani chenye umanjano, uache ukauke kabisa. Weka juu yake kipande cha karatasi ya kunakilia, kisha kwa sindano butu, au kalamu iliyokwisha wino, chora vinyweleo kwa kubonyeza kiasi, ukifuata mwelekeo wake halisi: vifupi, vimelala kidogo kuelekea ncha ya jani. Ondoa karatasi ya juu. Sasa chukua penseli ya kijani kilichokolea, uilaze ubavu na kuipitisha polepole. Penseli huruka juu ya mifereji uliyobonyeza, na kila kinyweleo hubaki kikionekana kwa kijani chepesi cha mkono wa kwanza. Ukibonyeza kabla ya kupaka rangi ya maji matokeo hugeuka: rangi huteremka ndani ya mfereji na vinyweleo hutoka vyeusi. Na ukijaribu haya kwenye karatasi nyembamba ya massa, sindano huichana. Uwezo wa penseli umeamuliwa na karatasi iliyonunuliwa kabla yake.

Penseli zenyewe zichaguliwe mojamoja. Polychromos za Faber-Castell zina ncha ngumu zaidi na hufaa kwa mistari. Luminance za Caran d'Ache ni laini, za nta, na hufaa kulainisha mpito kwenye petali. Luminance zimetengenezwa zikilenga kipimo cha ASTM D6901 cha penseli za rangi, na Faber-Castell huweka nyota kwenye penseli, tatu zikiwa ndiyo daraja la juu. Katika maboksi mengi, zambarau na waridi ndizo zenye alama dhaifu, yaani zile zile ambazo ua hili lingezihitaji. Hiyo ni sababu nyingine ya kuibebesha rangi ya maji uzito wa zambarau na kuiachia penseli vivuli vya indigo, sepia na kijivu. Boksi la 120 ni zawadi nzuri ya harusi.

Wapo wanaochora mimea kwa penseli tupu, na kwa ustadi mkubwa. Kazi za Ann Swan wa Uingereza zatosha kumnyamazisha anayedai kwamba haiwezekani. Hoja hiyo naikubali kwa matunda, mbegu na majani yenye ngozi ngumu, ambako uso wenyewe una chembechembe. Kwa petali nyembamba inayopitisha mwanga, penseli tupu hulazimika kuujaza weupe wa karatasi tabaka baada ya tabaka, na saa nyingi huliwa na kazi ambayo brashi moja ya namba 4, ya manyoya ya kolinsky au ya nyuzi bandia inayorudisha ncha yake vizuri, ingeimaliza asubuhi moja.

Pwani inaongeza masharti yake. Jelatini iliyo kwenye karatasi nzuri hupenda unyevu, na ukungu hupenda jelatini. Karatasi iliyoachwa wazi msimu mzima wa masika hupata sehemu ambazo kinga yake imekufa. Hazionekani kwa macho hadi rangi izifikie na kuzama kwa ghafla. Inunuliwe kidogo kidogo, ihifadhiwe ikiwa imelala ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Vidonge vya rangi za maji navyo huota ukungu vikifungwa vikiwa vibichi, ndiyo maana kwa hali ya hewa hii napendelea tyubu, mtu akikamua kiasi cha siku. Penseli za nta hulegea kwenye joto la gari lililoegeshwa juani.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la kizazi hiki: mchoro ukimalizika huskaniwa siku hiyo hiyo, nakala zake huuzwa, na ya asili huwekwa kabatini. Kwa nini basi kuhangaika na rangi isiyopauka? Kwa anayeuza nakala tu, sehemu ya hoja hii ni sahihi, na anaweza kulegeza kamba kwenye daraja la pigmenti. Ila haimsaidii kwenye zile waridi zenye mng'ao, kwa kuwa wino wa kawaida wa kuchapia hauwezi kuzifikia na hutoka zimefubaa. Wala haimwondolei haja ya karatasi nzuri, kwani skana huona kila baka na kila uzi uliosimama kuliko jicho. Anayeuza mchoro wenyewe, au anayeupeleka kwenye taasisi ya mimea ili ukae pamoja na sampuli zilizokaushwa, hana nafasi ya kulegeza. Sampuli ya ua hili ikikaushwa hupoteza zambarau yake, na mtafiti atakayelifungua jalada miaka mingi baadaye ataitafuta rangi hiyo kwenye mchoro.